Moshi wa Dume la Machibya

Marciana hajawahi kuwa mtu wa kuchekacheka. Alifika Zombo na mumewe Machibya wakitokea Usukumani, wanaswaga ng'ombe, mtoto mgongoni, miguu imevimba kama maboga. Wenyeji wakamwita Mama Fimbo. Mtoto alipokua wakamwita Mama Happiness, kwa jina la binti huyo, maana ndiye pekee aliyempata. Wengine hawakumwita kitu, walimnunia tu kisimani. Hakukonda. Mwanamke aliyetembea toka kule ziwani mpaka bonde la Kilosa, umnunie wewe na ndoo yako, akonde?

Wakulima na wafugaji pale hawapendani, usidanganywe na salamu. Ng'ombe akikanyaga mpunga wa mtu, mapanga yanatoka. Lakini jirani yake wa mpakani, Theodory, mwenyeji wa pale pale, alikuwa mtu wake. Kila mvua za kwanza alikuja kuazima maksai wa Machibya, akalima, akapanda, akavuna, na kila asubuhi akipita anainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Debora na watoto?"

"Wazima, mama."

Zombo salamu hiyo si mchezo. Mtu unaweza kumnyima chumvi, ukamnyima na moto, lakini marahaba humnyimi mpaka awe amekuchomea nyumba.

Machibya alikufa kwa kifua. Aliacha ng'ombe wachache na dume mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni, aliyempa jina Diwani, kwa sababu, alisema, anazunguka kijiji kizima anakula kila mahali na halimi hata tuta. Kabla hajakata roho alimwambia mkewe: "Diwani asiuzwe. Siku Happiness akijifungua achinjwe, mwanangu anywe supu kutoka kwa baba yake. Na mtoto akiwa wa kiume, aitwe Machibya. Nisipotee."

Happiness wakati huo alikuwa ameolewa Mikumi na Gabrieli, fundi magari, Mnyakyusa. Miaka ikapita hana mtoto. Mama Gabrieli, mkwe wake, mwanamke wa maneno laini yenye miba, alikuwa akimpita jikoni anasema, "Wengine tunafuga, hatuzalishi." Walipomweleza habari ya Diwani na jina la marehemu, alicheka mpaka kanga ikamlegea.

"Haya, sawa," akasema. "Kwetu jina linatajwa siku kitovu kinapodondoka. Watu wa kwenu mkiwepo na hiyo supu yenu, tajeni nyie. Msipokuwepo, mtoto hawezi kukaa bila jina kama mbwa wa jalalani. Tutataja sisi."

Walikubaliana mbele ya watu. Mama Gabrieli alikubali kwa urahisi maana alidhani hakuna atakayezaliwa.

Akazaliwa. Katikati ya masika simu ikaja, Gabrieli analia upande wa pili: Happiness amepasuliwa, mtoto wa kiume, wote wazima. Mama Happiness aliweka simu chini, akachukua kamba, akaenda zizini.

Diwani alichinjwa asubuhi. Kwa Machibya kulikuwa na sheria yao ya siku zote: anayeshika mguu wa ng'ombe wakati wa kuchinja anapewa maini, na tangu hapo yeye ndiye shahidi. Kesho mtu akisema ng'ombe yule alikuwa wa wizi, anaulizwa aliyeshika mguu. Sasa mguu wa Diwani alishika nani? Theodory. Alishika kwa mikono miwili, akapigwa teke la paja, wakacheka. Maini akayala pale pale, na chumvi, mafuta yanamtiririka kidevuni.

Sasa sikia kosa lake mama wa watu. Maji yalikuwa yamekata njia ya kwenda Ulaya, si ya Wazungu, kijiji kile cha kupandia magari, bodaboda hazipiti, na bwana mifugo wa kugonga muhuri alikuwa ng'ambo. Nyama ingeoza. Kwao Usukumani nyama inaanikwa juani vipande vyembamba kama mikanda, lakini jua lenyewe lilikuwa wapi? Akajenga uchanja juu ya moto, akaibanika kwa moshi mpaka ikawa nyeusi. Kisha akaitia kwenye kiroba.

Mtu mzima na akili zake anabeba nyama iliyobanikwa moshi, anaipeleka Mikumi, mlangoni mwa mbuga. Hata kipofu angemwambia. Majangili wote wa nchi ile wanabanika hivyo hivyo. Lakini mwanamke aliyezaliwa zizini, akaolewa kwa ng'ombe, akamzika mume kwenye ngozi ya ng'ombe, haimwingii akilini kwamba kuna watu wakiona nyama wanawaza mnyama mwingine. Kwake nyama ni ng'ombe, basi. Na majirani waliopita wakaona uchanja ule ukifuka, hakuna aliyefungua mdomo.

Maji yalipopungua alivuka, akapanda Kosta ya Mikumi pale Ulaya. Akamkuta Theodory ndani, kakaa dirishani, begi lake kubwa jeusi chini ya miguu.

"Shikamoo mama. Njoo ukae hapa na mimi."

"Marahaba baba. Na wewe Mikumi?"

"Kuna mtu naenda kumwona."

Akampisha, akamsaidia na kiroba, akakibana karibu kabisa na begi lake. Mama Happiness akasema moyoni, jirani ni huyu.

Miezi ile polisi walikuwa wameanza upekuzi wa kushtukiza. Walisema ni kwa usalama wa abiria. Hujui watakaa wapi, hujui watamshika nani. Siku hiyo walikaa ng'ambo ya daraja, wameweka gogo barabarani, na aliyepanda ndani alikuwa afande mmoja mrefu, wenzake walimwita Samson. Alisimama mlangoni akanusa hewa.

"Upekuzi wa kawaida, kwa usalama wenu. Wewe, shuka na begi. Wewe, fungua hilo boksi. Na hiki kiroba kinachonuka moshi ni cha nani?"

"Changu, baba."

"Kuna nini?"

"Nyama."

Konda akafumba macho.

"Nyama gani, bibi?"

"Nyama, baba. Ya ng'ombe."

Afande alifungua, akachomoa kipande cheusi, akakigeuza. "Ng'ombe gani anabanikwa hivi? Huyu pundamilia."

"Pundamilia mimi nitamkamatia wapi, na magoti haya?"

Watu wakacheka. Samson hakucheka, na mtu mwenye bunduki asipocheka, waliocheka wanajuta.

"Kibali kiko wapi? Muhuri wa bwana mifugo?"

"Bwana mifugo alikuwa ng'ambo ya maji. Lakini shahidi yupo," akasema Mama Happiness, hana hata wasiwasi, akamshika Theodory bega. "Huyu hapa. Ndiye aliyeshika mguu. Muulize."

Samson akamgeukia. "Ni kweli?"

Theodory aliangalia viatu vyake. Maini ya Diwani hayajaisha hata tumboni, mwenzangu. Akasema polepole, kama mtu anayesoma ubaoni:

"Afande, huyu bibi namfahamu kwa sura tu. Ni wa kule kule Zombo. Mambo ya Wasukuma na nyama zao mimi sijui."

"Theodory," Mama Happiness akasema.

Hakugeuka.

"Theodory, mwanangu. Maksai."

Hakugeuka. Nyuma mwanamama mmoja akasema, "Wanatuchelewesha hawa na nyamapori zao." Kijana mmoja akasema, "Afande, umeshapata, turuhusu." Ndivyo watu walivyo. Ukishapatikana wa kushushwa, waliobaki wote wanakuwa wasafi.

Wakamshusha na kiroba, simu wakamnyang'anya. Konda akamtupia kandambili moja iliyobaki mlangoni. Gari likaondoka, na yeye amesimama kwenye tope anaona dirishani Theodory ananyanyua begi lake jeusi, analiweka vizuri kwenye kiti alichokiacha yeye.

Pembeni ya kizuizi kulikuwa na banda la mabati na benchi. Wakamwambia akae mpaka aje bwana nyama, mtaalamu wa wanyamapori, aseme ni mnyama gani. Bwana nyama yuko wapi? Gari lake limekwama huko porini. Atakuja lini? Akija utamwona.

"Baba," akamwambia Samson, "kule kitovu kinadondoka."

"Kitovu gani?"

Akamweleza. Mume, dume, jina, sharti la mkwe, yote, kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu. Askari wa kike aliyekuwa anaandika mlangoni aliacha kuandika akatazama chini. Samson alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga mwayo.

"Bibi, sheria haina kitovu."

Alilala kwenye benchi, mbu wakamla. Kesho yake mchana nyuma ya banda kukanukia supu. Aliijua ile harufu. Alimlea yule dume toka ndama, akamfukuza shambani kwa watu kwa fimbo, akambanika kwa mikono yake. Kwa harufu ile utamdanganya vipi? Akakaa anasikia vijiko vinagonga sahani. Yule askari wa kike alimletea bakuli, akaliweka kando yake. Mama Happiness akalisukuma kwa kidole mpaka likaanguka.

Bwana nyama alikuja siku ya pili yake. Akachukua kipande, akakata, akatazama, akatema mate pembeni. "Ng'ombe huyu. Nani kamweka huyu mama hapa?"

Wakampa simu na kiroba. Kilikuwa chepesi.

"Nyingine iko wapi?"

"Ushahidi, bibi," akasema Samson. "Nenda salama."

Pole hakupewa.

Alipofika Mikumi alimkuta Happiness amesharudi nyumbani, kakaa kitandani, mtoto kifuani. Binti alipomwona mama yake akasema hata kabla hajaamkia.

"Nilikusubiri, mama. Kilidondoka jana asubuhi. Nikawaambia tungoje mpaka jioni, nikawaambia atakuja."

"Kaitwa nani?"

"Lupakisyo. Babu yake Gabrieli."

Mama Gabrieli akatokea na mwiko mkononi. "Karibu mwenzangu. Tulisikia uko mahabusu."

"Nani kasema?"

"Jirani yako, Theodory. Alipita kutuarifu, mtu mwema yule. Kasema umekamatwa na nyama njiani. Alikuhurumia sana."

Mama Happiness akapika kilichobaki. Happiness akanywa, machozi yanadondokea kwenye bakuli. Mama yake akamkaribisha na mkwe, kwa heshima. Mama Gabrieli akarudi nyuma hatua.

"Ahsante. Sisi nyamapori hatuli."

Hapo Mama Happiness alitaka kusema neno. Neno lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, lingemfuata yule mwanamke mpaka kaburini. Akamtazama binti yake na mshono wake tumboni, akalimeza. Lakini alilimeza kama mfupa, liko kooni mpaka leo.

Akarudi Zombo. Asubuhi yake Theodory akapita, akainama kama kawaida.

"Shikamoo mama."

Mama Happiness alikuwa anafagia. Akaendelea kufagia. Vumbi likamfuata Theodory mpaka miguuni, akabaki ameinama na salamu yake hewani, watu njiani wanaona. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Msimu ulipofika akatuma mtu kuomba maksai. Jibu likarudi kwamba maksai wanamfahamu kwa sura tu. Mwaka ule Theodory na Debora walilima kwa jembe la mkono, na jembe la mkono halina huruma na mtu aliyezoea maksai.

Wakaleta wazee, hawakupewa hata kigoda. Wakamleta katekista.

"Mama, Bwana anasema tusamehe saba mara sabini."

"Hesabu mimi sikusoma, baba," akajibu. "Theodory kachelewa. Angesema siku ile kwenye gari, neno moja tu."

Debora, mkewe Theodory, ndiye aliyelimwaga jambo lenyewe. Siku moja kisimani alichoka, mikono imetoka malengelenge kwa jembe, akaweka ndoo chini akashika kiuno.

"Unatuonea. Ulitaka mume wangu aseme nini? Aseme, wamwambie na wewe shuka, wafungue na begi lake? Na yule nyati aliyekuwemo angemjibia nani, wewe?"

Debora akajiziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Happiness alitembea na ndoo yake kichwani mpaka nyumbani, hakumwaga tone. Akakaa kwenye kigoda. Ndipo mambo yakajipanga. Kumbe Theodory hakupanda gari lile kwa bahati. Aliona uchanja unafuka. Akabanika nyati wake naye, akangoja siku anayosafiri mwenye moshi, akamwambia njoo ukae hapa, akakibana kiroba karibu na begi ili moshi uwe mmoja. Woga ungekuwa kitu kingine, kila mtu anaogopa. Huyu alimfanya mjane wa Machibya kuwa kifuniko cha chungu chake.

Watu walimwambia nenda kamshtaki polisi. Akawauliza, "Kwa nani? Kwa Samson? Nimpelekee na mboga nyingine?"

Mwaka ukageuka, na kiangazi cha mwaka uliofuata kikafika. Mama Happiness alikuwa anakwenda Mikumi kumwona mjukuu, ambaye sasa anatembea. Akapanda pale Ulaya. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na pembeni yake kakaa Theodory, begi lile lile jeusi chini ya miguu. Akakaa. Hakumwangalia. Theodory akasema shikamoo kwa mazoea, ikaanguka sakafuni pamoja na maganda ya karanga.

Walipolikaribia daraja, basi lililotoka mbele likawawashia taa mara mbili. Dereva akapunguza mwendo. Konda akageuka akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza kituo, "Ng'ambo ya daraja wanapekua."

Theodory alibadilika rangi. Akatazama mbele, akatazama begi, halafu, sikia uso usio na haya, akamwinamia Mama Happiness sikioni.

"Mama, naomba unisaidie. Liweke kwako, chini ya kanga. Wewe ni bibi, tena walishakuonea mara moja, wakaaibika, hawawezi kukugusa tena. Nakuomba, mama. Nina watoto."

Mama Happiness alimtazama kwa mara ya kwanza toka siku ile. Aliwaza. Angeweza kungoja tu mpaka Samson apande, amwonyeshe begi kwa kidole. Theodory angefungwa, na alistahili. Lakini nyama hiyo jioni ingenukia wapi? Nyuma ya banda. Vijiko vingegonga sahani. Amkabidhi mwizi kwa mwizi, na yeye awe mpishi wao? Na kunyamaza je? Kunyamaza ni kumwachia Theodory auze, ale, arudi kijijini anapiga mluzi.

"Lete," akasema.

Theodory akavuta pumzi ndefu. Akamwekea begi mapajani, akamsaidia hata kulifunika. "Mungu akubariki, mama. Mungu akuzidishie."

Gari likaingia darajani, linakwenda polepole, maana daraja ni jembamba. Mama Happiness akafungua dirisha mpaka mwisho. Akaliinua begi kwa mikono miwili, mikono iliyozoea ndama, akalisukumia nje. Likagonga ukingo, likapasuka zipu, likaenda chini kwenye tope na maji machache ya kiangazi. Kunguru walifika kabla gari halijamaliza daraja.

Theodory akanyanyuka nusu, akakaa tena. Atapiga kelele aseme nini? Nani mwenye begi?

Samson akapanda. Ameongezeka kitambi. Akanusa, akatembea mpaka kwao, akamkumbuka.

"Bibi. Leo umebeba nini?"

"Magoti."

"Mbona hapa pananuka moshi?"

"Sisi ni watu wa kuni, baba."

Akapekua chini ya kiti, akapekua kanga, akampapasa Theodory mifuko yote. Hakupata kitu. Akashuka na hasira ya mtu aliyekwenda karamuni akakuta masufuria yameoshwa.

Gari lilipochanganya mwendo, Theodory akapata sauti. "Mama Happiness, umeniokoa. Nimepata hasara, lakini umeniokoa. Nikirudi nitawaambia watu tumepatana."

"Nani kakuokoa?" akasema, macho yako barabarani. "Yule alikula dume langu na wewe ulikula jina la mume wangu. Leo mmelala njaa wote wawili. Basi. Usiniguse na mkono wako."

Stendi ya Mikumi Theodory akatangulia kushuka, akamngojea, akainama mbele ya wapiga debe na wauza maji, akaipandisha sauti ili kila mtu asikie. "Shikamoo mama."

Akampita.

Kwa Happiness alimkuta mtoto uani anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Mama Gabrieli alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Happiness akamshika mwanae bega, akamgeuza.

"Mwamkie bibi. Sema shikamoo."

Mtoto akamtazama yule mwanamke mrefu mwenye vumbi, akainamisha kichwa, jinsi alivyofundishwa. "Kamoo."

Mama Happiness akamwekea mkono utosini, akaubakiza pale.

"Marahaba, Machibya."

Vidole vya Mama Gabrieli vikasimama kwenye ungo. "Anaitwa Lupakisyo."

"Nimesikia," akasema Mama Happiness. Mkono hakuutoa.